Masizi ya Mashine ya Akina Mama

Mama mkwe wangu alinyang'anywa ufunguo wa mashine ya kusaga kwa sababu ya neno moja nililolisema mimi, nikiwa nimesimama mbele ya wanawake wa kikundi chake, mikono imejaa grisi na kichwa kimejaa sifa. Nimeiweka sentensi hii mwanzoni makusudi, kwa sababu najijua. Nikiachiwa nianze nipendavyo, nitaanza na ukungu, nitaeleza injini, nitachekesha kidogo, na hadi nifike kwenye kosa lenyewe msomaji atakuwa ameshanipenda. Sistahili kupendwa kwanza.

Mashine iko juu ya Lushoto, upande wa Magamba, katika kijiji alichozaliwa mke wangu. Ni mali ya kikundi cha akina mama, Walutheri kwa Waislamu, waliochangishana miaka mingi iliyopita walipochoka kubeba mahindi kwenda mbali. Umeme umefika, lakini ni ule wa taa na kuchaji simu. Kuzungusha kinu hauwezi. Kwa hiyo kinu kinaendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya kuwashwa kwa hendeli, inayodunda mpaka watu wa bonde la pili wanajua kwamba leo kunasagwa. Msimamizi wake alikuwa mama mkwe. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo, yeye ndiye aliyeagiza dizeli Mombo, yeye ndiye aliyemimina mahindi kwenye mdomo wa kinu tangu kabla sijaja kuposa. Mumewe alifariki mapema, na wale ambao wangeweza kumwita mjane walimwita mama wa mashine. Nadhani aliipenda heshima ile kuliko chochote alichokuwa nacho.

Mimi ni mtu wa chini ya mlima, wa Mombo. Ufundi niliupata kwenye gereji ya kando ya barabara kuu, chini ya malori yaendayo Moshi, nikamwagikiwa na mafuta mpaka ngozi ikazoea. Nilipooa nikahamia Lushoto na kufungua banda langu mwenyewe. Wakwe zangu wakaanza kuniita fundi wa Mombo, na mimi nikalipokea jina hilo kama cheo. Kishambaa changu kilikuwa cha kuokoteza, mashamba sikuyajua, hata baridi ya huku ilinishinda; injini ndicho kitu pekee nilichokuwa nakijua kuliko wenyeji, na sikuwaacha wasahau.

Mwezi wa nne mwaka ule, akina mama wakanilalamikia kwamba kinu chao ni kizito, unga unatoka wa chengachenga, na watu wameanza kuwakimbia. Sikuwaza mara mbili. Mombo nilikuwa naijua mashine moja yenye injini ya aina ileile, na kinu chake kilikuwa kinaruka. Nilikwenda nikaipima kwa kamba puli ya injini, yaani lile gurudumu la chuma linalovuta mkanda, nikaona ni kubwa kuliko yetu kwa karibu upana wa kiganja. Nikatafuta ya kipimo hichohicho, nikapanda nayo mlimani, nikaifunga. Kinu kikalia kwa sauti nyembamba, unga ukatoka laini kama poda ya mtoto. Wanawake wakapiga vigelegele, mama mkwe akanichinjia jogoo. Ilikuwa miezi ya ghala tupu, watu wanaleta kopo moja, mawili, wanaondoka, kwa hiyo hakuna aliyeiona injini ile ikifanya kazi ya kweli.

Mavuno yakaja, magunia yakaanza kupanga foleni, na masizi yakaanza. Masizi ya sufuria kila mwanamke anayajua. Unasugua kwa jivu na mchanga, yanakubali. Haya ya dizeli yalikuwa vumbi jeusi jepesi linaloelea, linatua, na ukilipangusa linaenea. Ukuta wa nyuma ya bomba la moshi uligeuka mweusi kama jiko. Mashuka yaliyoanikwa yakawa na madoa. Kilicholeta ugomvi hasa ni shamba la jirani, mzee mmoja mkulima wa mboga, aliyekuwa amepanda koliflawa chini kidogo ya mashine. Koliflawa ni mboga nyeupe, haina pa kuficha kitu. Wachuuzi walizikataa. Mzee akakata kichwa kimoja, akakileta kwenye kikao cha kikundi, akakiweka mezani, akaondoka zake.

Ndipo nikaitwa.

Hapa lazima nieleze desturi ya kwa mke wangu, kwa kuwa ndiyo niliyojificha nyuma yake baadaye. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawanyimani salamu, wala hawaoni tabu kukaa meza moja siku ya sikukuu. Lakini hawabanani katika chumba chembamba, hawapishani mlangoni nguo zikagusana, na jambo lolote zito kati yao hupitia kwa binti. Kile chumba cha mashine ni chembamba hasa. Injini, kinu na mkanda vimekijaza, na anayemimina mahindi anasimama pale pale ambapo fundi angesimama. Kwa hiyo nilipofika, mama mkwe alifuta mikono, akatoka, akaenda kusimama kando ya tangi la maji. Nikampa shikamoo kwa mbali. Akaitikia marahaba akiangalia pembeni, kama inavyotakiwa. Nikaingia peke yangu.

Nilianza vizuri, hilo nitajipa. Niliingiza kidole kwenye bomba la moshi nikakitoa. Kingekuwa na utelezi, ningejua injini inakula oili. Kilikuwa kikavu, cheusi, kama nimegusa mkaa uliosagwa. Masizi makavu maana yake dizeli haikuungua ikaisha, na sababu zake ni nne tu: hewa haitoshi, au nozeli, ile sindano ya kupulizia dizeli ndani ya silinda, inapuliza vibaya, au dizeli yenyewe ni mbovu, au injini imebebeshwa kazi kuliko nguvu yake. Nne tu. Nimewafundisha wengine hizo nne kwa kuwahesabia vidoleni. Nikafungua chujio la hewa, limejaa unga, nikalisafisha. Nikafungua nozeli, nikaijaribu, inapuliza ukungu safi. Nikarudisha kila kitu, nikawasha, nikashika karatasi nyeupe mbele ya bomba na kuhesabu mpaka mia. Karatasi ikatoka na kivuli cha kijivu tu.

Injini ilikuwa inazunguka tupu. Hakukuwa na punje hata moja ndani ya kinu. Kumimina mahindi ilikuwa kazi ya mama mkwe, naye alikuwa nje kwa ajili ya heshima yangu. Ningeweza kumwita mwanamke yeyote kati ya waliokuwa wanasubiri na ndoo zao. Ningeweza kubeba debe mwenyewe. Lakini nilijiona ni fundi, na fundi hamimini mahindi.

Mke wangu alikuja mlangoni, ametumwa na mama yake. Akaniambia, "Mama anasema moshi unatoka mashine ikilishwa. Ikiwa tupu haitoi kitu."

Nikacheka. Nikamwambia ampelekee mama asante, ila moshi hautoki kwenye mahindi. Mke wangu hakucheka. Akaenda kupeleka jibu, na nilimwona akilisema kwa kirefu kuliko nilivyolisema mimi, bila shaka akilipunguza makali njiani.

Nilipotoka nje, wanawake walikuwa wamekusanyika. Mwenyekiti wao akaniuliza fundi, tatizo nini. Hewa nilikuwa nimeiona, nozeli nimeiona, mzigo sikuufikiria hata kidogo, ikabaki moja. Nikasema, "Mafuta yamechakachuliwa."

Neno hili kila Mtanzania analijua. Lilianza kwenye mafuta, watu wanapochanganya dizeli na mafuta ya taa, na sasa tunachakachua kila kitu, kura, matokeo ya mitihani, hata mapenzi. Ni neno tamu mdomoni. Na jinsi nilivyolisema, halikuwa na mtu ndani yake. Yamechakachuliwa. Na nani? Sikusema, kwa sababu sikujua, kwa sababu kwa kweli sikuwa namfikiria mtu. Nilikuwa nataka kumaliza na kuondoka nikiwa bado fundi wa Mombo. Lakini mnunuzi wa mafuta alikuwa mmoja tu. Niliona vichwa vikigeuka, kimoja, kingine, kuelekea kwenye tangi la maji. Muda ulikuwepo wa kuongeza maneno matatu, huko kwa muuzaji, na pengine yangetosha. Nikainama nikaanza kupangusa spana.

Hakuna aliyemshtaki. Watu wa huku ni wapole, wanajua kumtoa mtu bila kumsukuma. Baada ya wiki mbili walimwambia mama amefanya kazi sana, umri umekwenda, apumzike. Ufunguo akapewa mwanamke mwingine, kijana kidogo. Mke wangu aliniambia kwamba mama yake aliufungua ule ufunguo kutoka kwenye pindo la kanga, akauweka juu ya meza, akasema kitu kimoja tu, kwamba mkanda unataka kukazwa. Kisha mke wangu akaniuliza kama nina hakika na lile jambo la mafuta. Nikamjibu kwa hasira kwamba fundi habahatishi. Ninapoikumbuka sauti yangu ya siku ile natamani kutoka nje ya nyumba.

Baada ya hapo mama hakusagia tena pale. Alibeba debe lake kichwani na kwenda kwenye mashine nyingine mbali, njia ya kuelekea Kwai, akipita mbele ya mlango aliokuwa akiufungua kila asubuhi. Wenzake walimsalimia, naye akawaitikia. Lakini walipomwona anapita na unga wa kwingine, walichukua hilo nalo kuwa ushahidi.

Mwezi wa kumi na moja yule msimamizi mpya akaniita, mkanda unateleza. Huyu hakuwa mkwe wangu. Niliingia, naye hakutoka. Aliendelea na kazi yake huku mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikisubiri amalize debe la mtu. Akamimina. Injini ikashusha sauti, ikaguna, kama mpagazi anayetwishwa gunia la pili. Nikageuka kutazama dirishani. Bomba lilikuwa linatapika moshi mweusi tii. Mahindi yakaisha, sauti ikapanda, moshi ukaisha. Akamimina tena, ukaja tena. Sikuhitaji mara ya tatu, lakini nilikaa nikaitazama hadi ya nne.

Ilikuwa puli yangu. Puli kubwa inakikimbiza kinu, na kinu kinachokimbia kinaidai injini nguvu zaidi, na injini inajibu kwa kumeza dizeli zaidi. Mombo hilo linawezekana, hewa ni nzito, dizeli inaungua. Huku juu hewa ni nyepesi. Kila mtu aliyewahi kupanda kutoka Mombo na mzigo mgongoni analijua hilo kifuani mwake, na mimi mwenyewe mwezi wa kwanza wa ndoa nilikuwa nahema nikipanda ngazi za nyumba. Nilichukua kipimo cha bondeni nikakileta mlimani bila kukibadilisha hata kidogo. Dizeli haikuwa na kosa lolote. Na mama mkwe alikuwa ameniambia, kwa maneno machache yaliyonyooka kuliko yangu yote, moshi unatoka mashine ikilishwa.

Sasa nisikilize nilivyofanya. Nilimwambia yule mwanamke kwamba mkanda unahitaji sevisi kubwa, asimamishe kazi mpaka kesho. Kesho yake nikaja, nikaivua puli ya Mombo, nikaifunga ile ya zamani, nikakaza mkanda, nikaifungia puli kubwa kwenye gunia na kuondoka nayo. Sikumwambia mtu. Nilijisemea kwamba nimerekebisha, na kurekebisha ndiyo kutubu kwa fundi.

Moshi ukakoma. Unga ulirudia chenga zake, lakini baada ya masizi yale hakuna aliyelalamika. Ukuta ukapakwa chokaa. Koliflawa za mzee zikaanza tena kuwa nyeupe. Na watu wakasema jambo ambalo, kwa akili yangu yote, sikulitarajia: mnaona, tangu yule mama aondoke, moshi umekwisha. Kazi yangu ya siri ilikuwa imemhukumu mara ya pili, na safari hii kwa ushahidi ambao kila mtu aliuona kwa macho yake. Nilisimama sokoni Lushoto nikaisikia sentensi hiyo kutoka kwa mwanamke aliyekuwa ananiuzia viazi. Nikalipia viazi nikaondoka.

Nilinyamaza miezi minne. Kila Jumapili tulikwenda kwake na watoto. Nilisimama mlangoni nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba baba, nikakaribishwa kiti kile kile, nikawekewa kipande kizuri cha nyama. Nilikila. Nilikuwa na sababu nyingi nilizozipanga: amezeeka kweli, anahitaji kupumzika, nikisema nitaaibisha kikundi kizima, nitawachonganisha. Zote zilikuwa uongo. Niliogopa kuchekwa. Niliogopa kwamba watu wa mlimani watasema fundi wa Mombo hajui hata injini ya silinda moja, na jina hilo lilikuwa ndilo kila kitu nilichokuwa nacho huku. Kwa ajili ya jina langu nililiacha la kwake likioza.

Kilichonisukuma hakikuwa dhamiri, ingawa ningependa iwe hivyo. Ni mke wangu. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu alikuwa anamimina chai, akasema, bila kunitazama, kwamba leo kikundi kinakutana kumfuta mama kwenye orodha ya wanachama. Alisema mama yake ameshajiandaa, amepiga pasi gauni, atakwenda kusikiliza mwenyewe ili asihadithiwe. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema haraka haraka, puli, hewa, mwezi wa kumi na moja, nikiangalia kikombe.

Akaweka chupa ya chai chini. Akauliza kitu kimoja, "Umejua tangu mwezi wa kumi na moja?" Nikasema ndiyo. Nikategemea matusi, nikayatamani. Akachukua kanga yake akajifunga. Akasema twende, utasema mwenyewe.

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mbele ya chumba cha mashine, mama mkwe mwishoni kabisa, na gauni lake la pasi. Nilimwomba mwenyekiti nafasi kabla hawajaanza. Sikujua nianzeje kwa maneno, kwa hiyo nilianza kwa spana. Nikaitoa puli ya Mombo kwenye gunia nililokuja nalo, nikaifunga mbele ya macho yao, nikawasha injini, na safari hii nikabeba debe mwenyewe nikamimina mahindi. Moshi mweusi ukapanda juu ya paa. Nikazima, nikarudisha puli ya zamani, nikamimina debe jingine kwa dizeli ileile iliyokuwa ndani ya tangi. Bomba likatoa moshi mwepesi, usiotia doa. Ilichukua karibu asubuhi nzima na hakuna aliyeondoka.

Kisha nikasema, "Mafuta hayakuwa na kosa. Kosa ni langu, na nimelijua tangu mwezi wa kumi na moja." Waliokaa nyuma hawakusikia vizuri, nikalazimika kuirudia sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo niliyotamani isisikike.

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, nikastahili. Nilivyowatazama wengine, niliona kwamba si mimi peke yangu niliyekuwa naona aibu pale. Mwenyekiti aliinuka, akauchukua ufunguo kwa yule msimamizi, akaenda nao hadi mwisho wa benchi, akaukabidhi kwa mikono miwili na goti limekunjwa. Mama mkwe akaupokea. Akaufunga kwenye pindo la kanga, polepole, kama mtu ambaye hana haraka na jambo lake. Wanawake wakaanza kupumua na kuongea, nami nikadhani imekwisha.

Akamwita binti yake. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Alisema kwa Kishambaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, na kila mtu alisikia, na mimi kwa Kishambaa changu cha kuokoteza nilielewa lote. Lakini desturi ni desturi, na neno zito la mama mkwe lazima lipitie kwa binti. Mke wangu akageuka, akanitazama usoni, akanifikishia kwa Kiswahili bila kulipunguza makali safari hii.

"Mama anasema, kupima vibaya ni kosa la kazi, amekusamehe siku ileile. Lakini tangu mwezi wa kumi na moja umekuwa ukija kwake na kumpa shikamoo huku unajua. Anasema zile marahaba alizokuitikia, anazitaka zirudi."

Hilo lilikuwa mwaka jana. Tunaendelea kwenda kila Jumapili. Ananikaribisha, ananiulizia kazi, ananiwekea chakula kama zamani, na mashine anaiendesha mwenyewe kila siku. Watoto wanamwamkia mmoja mmoja, anawaitikia. Mke wangu anamwamkia, anamwitikia. Kisha nasema shikamoo mama, na yeye anasema karibu ukae. Nasimama kidogo pale mlangoni, nikisubiri, halafu nakaa.